Mkwe Aliyetoka Nyotani

Watu wakimtaja Mzee wa Fizikia siku hizi huanza na sinema yake, nami huanza kukunja uso. Nilifundisha naye shule moja hapa Kitale kwa miaka mingi, meza yangu ikitazamana na yake katika chumba cha walimu, na ninajua mambo yake mengi yaliyo bora kuliko ile sinema. Hakuna anayeniuliza hayo. Huniuliza kama si mimi niliyemjua yule mzee wa sinema ya nyota, nami hukubali, maana kukataa ni kujisumbua.

Nitasema mapema ili tusizungushane: nilimwonea wivu. Leso husema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Mimi sikukonda. Nilinenepa, kwa sababu kila aliponiudhi nilikwenda kantini kula mandazi, na alikuwa mtu wa kuniudhi mara kwa mara bila kujua.

Alikuwa mrefu, bega moja limeshuka kwa kubeba mkoba, na sauti yake ilivuka kuta. Nikiwa darasani nikifundisha ngeli, nilimsikia upande wa pili akicheka na wanafunzi wake, na wanafunzi wangu wakigeuza shingo kuelekea ukutani kama mimea inayofuata jua. Koti lake la kijivu lilikuwa na mifuko iliyojaa sumaku, nyaya, vipande vya kioo na njugu. Njugu alizila akifundisha. Mimi sikuwahi kutia kitu kinywani mbele ya darasa, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kunisifu kwa hilo.

Kwa vipimo vyangu hakuwa mwalimu mzuri. Majaribio yake mengi yalishindwa. Siku moja alirusha roketi ya chupa ya plastiki na maji, ikaacha njia, ikatua juu ya paa la jikoni, wapishi wakatoka mbio na miiko mikononi. Mwalimu mwingine angeona aibu akaenda kujificha. Yeye aliwakusanya wapishi na wanafunzi pamoja, akawaonyesha kosa liko wapi, halafu akamwomba mpishi mkuu airushe ya pili. Hiyo nayo ilianguka. Mpishi yule mpaka leo akikutana na watu huwaambia kwamba amewahi kufanya fizikia.

"Kosea kwa sauti," ndivyo alivyokuwa akiwaambia wanafunzi, "tukusikie, tukusaidie." Waliandika maneno hayo kwenye madawati yao. Mimi niliwafundisha methali tele, zenye mizizi na maana, na sikuona hata moja imeandikwa kwenye dawati.

Alikuwa pia mtu wa mambo mawili yasiyopatana. Alifundisha umeme wa mawingu kwa michoro mizuri, lakini radi ikianza kunguruma kutoka upande wa Mlima Elgon alivua koti akafunika kioo kilichokuwa ukutani mwa chumba cha walimu. Nilimuuliza kama haoni haya. Akasema sayansi inaijua radi, sawa, lakini radi haiijui sayansi. Walimu wote wakacheka, nami nikabaki na swali langu mkononi.

Na desturi za kwao Bungoma alizishika kuliko watu wasiosoma. Kwao, kama ilivyo kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawaketi chumba kimoja, hawatazamani usoni. Ni heshima, tena heshima nzito. Siku moja tukitoka sokoni Kitale alimwona mama mkwe wake akija mbele yetu na kikapu cha mboga. Kabla sijamaliza sentensi niliyokuwa nayo, Mzee alikuwa ndani ya mtaro, mkoba na yeye, amegeuzia barabara mgongo. Yule mama naye alishika upande wa pili, akajifunika leso usoni, akapita. Kisha Mzee akapanda juu, akajipangusa suruali, akaendelea na mazungumzo pale pale tulipoachia.

Kuhusu mimi: niliandika michezo ya kuigiza ya shule na kuielekeza mwenyewe. Ilishinda. Vikombe vyake vilijaa kabatini mwa mwalimu mkuu, na majaji walisifu lugha yake. Lakini sijaona mtu akilia kwenye mchezo wangu, wala akiukumbuka mwezi uliofuata. Mzee alikuja kuitazama yote. Mwisho alinipa mkono akasema, "Ni safi, Kiswahili." Aliniita hivyo siku zote, kwa jina la somo langu. Safi, kama sahani iliyooshwa. Nilitaka neno lingine kutoka kwake, lolote, na sikulipata. Zaidi ya hilo nilitaka kitu kimoja tu, kwamba niache kazi moja ambayo watu wataikumbuka na kujua ni yangu. Hicho ndicho nilichokuwa nikikitafuta katika vikombe vyote vile.

Alipostaafu tulidhani atarudi shambani kwake Bokoli akafuge kuku. Badala yake alitangaza kwamba anatengeneza sinema ya sayansi. Hakuwa amewahi kushika kamera. Hakuwa amewahi kuandika hata igizo la Krismasi kanisani. Aliazima kamera, akazungumza na watu wawili, na watu wakamkubalia kama walivyomkubalia siku zote.

Hadithi yenyewe, lazima nikiri, ilikuwa nzuri. Kijana anapelekwa nyotani kwa chombo kiendacho kasi mno, na kwa kuwa wakati hupungua mwendo kwa mtu anayekwenda kasi hivyo, anarudi angali kijana na kumkuta mama yake amezeeka. Basi. Mama anamkumbatia mtoto ambaye hajaongeza hata siku. Nilipoisikia nililala vibaya, kwa sababu niliiona papo hapo jukwaani, kwa maneno yangu, na haikuwa yangu.

Mama aliigizwa na nesi wa hospitali ya misheni kule Lugulu, mjane mwenye uso mtulivu na mvi zinazoanza. Kijana aliigizwa na fundi wa simu wa hapa Kitale, ambaye Mzee alikuwa amemfundisha. Walipiga picha za kwanza karibu na Moi's Bridge baada ya mavuno, katika shamba la mahindi lililobaki mabua tupu, na ghala la bati la mviringo la mkulima mmoja likawa chombo cha angani. Mimi niliitwa kusahihisha Kiswahili cha waigizaji. Niliona wakipiga ile picha ya kukumbatiana, Nesi akimshika Fundi kichwa kwa mikono miwili. Ilikuwa nzuri. Nilirudi nyumbani nikiwa sina raha.

Kisha Fundi akampenda binti wa Nesi. Inawezekana binti alikuwa akija kumletea mama yake chakula pale shambani, sijui. Ninachojua ni kwamba kabla sinema haijafika nusu, wazee wa pande zote mbili walikuwa wameketi, mambo yamekubaliwa, na Fundi amekuwa mkwe wa Nesi. Kuanzia siku hiyo mama na mwana wa sinema hawakuweza kusimama mbele ya kamera moja. Nesi alituma ujumbe kwa heshima kwamba yeye yuko tayari kumaliza kazi, lakini si mahali Fundi alipo, na kwamba ile picha ya kukumbatiana ifutwe kabla haijaonwa na mtu.

Nilimwendea Mzee nikamshauri kama mtu mwenye uzoefu. Nilimwambia atafute kijana mwingine, au mama mwingine, aanze upya. Ndivyo kila mwelekezi duniani angefanya. Alitafuna njugu zake akanitazama.

"Nikimtoa Fundi nitakuwa nimemwadhibu kwa kuoa," alisema. "Nikimtoa Nesi, nimemwadhibu kwa kuzaa. Sasa, Kiswahili, mimi niadhibu nani?"

Ndipo akaamua kwamba kijana atachorwa kwa kompyuta. Hadithi ikageuka: huko nyotani miale imembadilisha mwili, amerudi akiwa kiumbe cha mwanga. Nesi angeigiza peke yake mbele ya hewa tupu, na kiumbe kingepachikwa baadaye. Mzee alijifundisha kazi hiyo mwenyewe, kwa kutazama video za mtandaoni, katika umri ambao wenzake walikuwa wanajifundisha kutumia fimbo. Macho yalimwiva. Nilikuwa nikipita kwake nikimwona ameinamia kompyuta yake ndogo kama mtu anayechambua mchele, nami nilikuwa na wivu hata wa ule uchovu.

Kiumbe chenyewe kilikuwa kibaya. Sisemi kwa chuki. Kilikuwa na rangi ya samawati kama beseni, kilitembea bila kukanyaga, miguu yake ikielea juu ya mabua, na mdomo ulifunguka maneno yakiwa yameshapita. Kivuli chake kilielekea upande wa jua. Mtu aliyefundisha mwanga maisha yake yote! Nilipomwonyesha, alisema alikotoka kiumbe huyo majua ni mawili. Na kwa sababu Mzee hakuweza kukifanya kimguse mtu bila kupenya mwilini mwake, kiumbe kilisimama mbali na mama yake sinema nzima. Mama akiingia, kilitoka kwa mlango mwingine. Mama akikitazama, kilikuwa kimegeuza uso, maana uso ulikuwa kazi ngumu kuuchora.

Picha ya mwisho ndiyo iliyomshinda kabisa. Mama anaugua homa, yuko kitandani, na mwana ananyoosha mkono wake wa mwanga, nao unageuka mkono wa binadamu na kumgusa paji la uso. Vidole vya kompyuta vilitoka kama ndizi. Fundi hangeweza kuombwa jambo hilo hata kwa utani. Mzee akaja kwangu kuniomba mkono.

Tulikwenda Lugulu nyumbani kwa Nesi. Alikuwa amelala kitandani kwa ajili ya picha, shuka hadi kifuani, na aliponiona alisema, "Huyu si mukwe wangu, aje tu." Niliweka mkono wangu wa kulia kwenye paji la uso wake. Mzee akasimamisha kamera.

"Unamgusa kama unasahihisha daftari," alisema. "Mguse kama umechelewa."

Hakujua alichosema, au alijua, sina hakika. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa kwenye mashindano ya michezo ya kuigiza. Nilifika nyumbani na kikombe ndani ya mkoba na kumkuta ameshapoa. Nilimgusa paji la uso. Basi pale Lugulu nilimgusa Nesi hivyo hivyo, na kidole changu kidogo, kilichopinda tangu nilipokivunja uwanjani nikiwa kijana, kikabaki pale hata vingine vilipoinuka.  Mzee alizima kamera, akanipa njugu.

Sinema ilionyeshwa kwanza Kitale, katika ukumbi uliojaa. Bango lilikuwa limeahidi safari ya nyotani, na watu walikuja wamevaa vizuri wakitaraji milipuko na vita. Walipewa beseni la samawati linalokimbia mama yake. Walianza kwa kunyamaza, wakaja kunong'ona, wakaishia kucheka mahali pasipochekwa. Kijana mmoja nyuma yangu alisema, "Bana, hii kitu imetoroshwa kwa katuni ya watoto." Wengine waliondoka kabla ya mkono wangu kufika. Nilifurahi. Nilifurahi hadi tumboni, na nilijizuia kwa shida nisigeuke kuwatazama wanaocheka nikacheka nao.

Furaha iliisha majina yalipoanza kupanda kwenye kitambaa. Nesi alikuwepo, na Fundi, na mwenye ghala, na waliopika chai. Kwenye Kiswahili nilitajwa, kwa herufi ndogo, kwamba nilisahihisha lugha. Kwenye mkono hapakuwa na jina. Mzee alisimama mlangoni akishika mikono ya watu wanaomwambia "pole" na "umejaribu," akicheka nao, hata hakuonekana kuumia. Nilipita bila kumwambia lolote.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nilirudia methali hiyo njiani hadi nyumbani, na kweli kibaya chake kilitembea. Baada ya muda nilisikia itaonyeshwa kanisani Bokoli, kijijini kwao, alasiri baada ya ibada. Nilikwenda. Sikwenda kwa mapenzi; nilitaka kusikia kile kicheko mara ya pili.

Waliziba madirisha kwa mablanketi. Mbele waliketi akina mama wengi, wale ambao watoto wao wako Nairobi, au Uarabuni, au mahali ambapo simu hushika siku za sikukuu tu. Kiumbe kilipotokea, kilipogeuza uso na kuondoka kwa mlango mwingine mama yake alipoingia, hakuna aliyecheka.  Kisha mama mmoja mzee aliyekuwa mbele yangu akamwambia jirani yake, kwa sauti ya kawaida, kama anayesema bei ya mahindi:

"Ona, nyota zimemuoa. Huko alikoenda wamemufanya mukwe ya mamake mwenyewe."

Neno hilo lilipita kwenye mabenchi. Niliona wakiitikia kwa vichwa. Mmoja alisema wake pia akija hukaa kwa gari, husalimia kupitia dirishani. Mwingine alisema wake huleta sukari na kuiacha mlangoni, ati amechelewa, na hamwangalii. Sinema ikaendelea na kivuli chake kinachokwenda upande usiofaa, na hakuna aliyekiona. Mkono wangu ulipotokea na kutua kwenye paji la uso wa Nesi, yule mama mzee alishika paji lake mwenyewe. Wengi walilia. Walilia bila kujificha, na mimi nilikuwa nyuma yao, na mkono ule ule ulikuwa juu ya goti langu.

Sijui kama mtu anaweza kuelewa nilivyojisikia. Mimi nilijua kwamba yote yalikuwa ajali. Kiumbe kilisimama mbali kwa sababu Fundi alioa, na kwa sababu Mzee hakujua kuchora. Hakuna aliyekusudia kusema lolote kuhusu watoto wanaorudi nyumbani kama wakwe. Mimi nilikuwa nimekusudia kila neno katika kila mchezo wangu, na sikupata hata chozi moja. Yeye alikosea kwa sauti, na watu wakamsikia.

Baada ya hapo sinema ilihama kutoka simu hadi simu, Bungoma nzima, ikarudi Kitale kwa mlango wa nyuma, na wale wale waliocheka wakaanza kusema waliipenda tangu mwanzo. Watu walimsimamisha Mzee barabarani. Mama mmoja alimletea kuku. Walipouliza mkono ule ulikuwa wa nani, nilisikia kwamba alikuwa akijibu kwa swali: wewe unaonaje? Nilizidi kula mandazi.

Nilimwona mara ya mwisho katika hospitali ile ya misheni Lugulu. Alikuwa amepungua, lile bega lililoshuka limelingana na lenzake kwa kulala, na koti la kijivu lilikuwa limening'inizwa kwenye kichwa cha kitanda. Nesi alikuwa zamu. Nikiwa nimeketi, Fundi alifika kumwona mwalimu wake, amemshika mtoto wake mkono. Alisimama nje ya mlango, uso ameuelekeza uani. Nesi alimaliza kupima alichokuwa anapima, bila haraka, akatoka kwa mlango mwingine. Ndipo Fundi akaingia. Mzee alinikonyeza kwa jicho moja, kana kwamba picha hiyo pia aliipanga yeye.

Fundi alipokwenda, nilikusanya ujasiri. Nilimuuliza kwa nini jina langu halikuandikwa kwenye mkono. Nilimwambia kwamba nimeandika michezo maisha yangu yote, na kitu pekee nilichofanya kilicholiza watu kimo ndani ya sinema yake, hakina jina.  Yeye alitafuta mkono wangu juu ya shuka, akakipapasa kidole kilichopinda.

"Ningeliandika jina lako, Kiswahili," alisema, "ungelikuwa mkono wako. Wale akina mama, kila mmoja alijua ni wa mtoto wake."

Nilitaka kubishana. Badala yake nilimwonea wivu hata kwa jibu hilo, kwamba alikuwa amelala pale na bado anasema maneno ambayo ningepaswa kuyaandika mimi. Kisha akaongeza, amefumba macho, kwamba ulikuwa mguso mzuri. Hakusema safi. Alisema mzuri.

Mgonjwa wa kitanda cha pili, bibi mmoja kutoka Bokoli, alikuwa akitusikiliza nusunusu. Aliniuliza kama ni kweli nilikuwa kwenye ile sinema ya nyota. Aliniambia kuwa kijana wake yuko Uarabuni, ana mikono kama ile. Nilimwambia hapana, mimi ni mwalimu mwenzake tu, na nikautia mkono mfukoni.

Mzee alizikwa Bokoli. Wazungumzaji wote walitaja sinema, na niliposimama mimi nikataja roketi, mpishi na kioo kilichofunikwa koti, watu wakacheka kidogo na kurudi kwenye sinema. Mkono nilikuwa nao mfukoni siku hiyo pia, na nimeuweka humo siku nyingi, kwa ajili ya yule bibi na wengine kama yeye. Nimejaribu. Lakini Mzee alikuwa mtu mkubwa kuliko mimi, na hilo ndilo nililomwonea wivu tangu mwanzo. Kwa hiyo bibi anisamehe, na Mzee anisamehe: tazameni tena mwishoni, mkono unapotua, kidole kidogo kimepinda. Ni changu.